Cheza Kwanza, Karaha

Newburg, Louisville
8 Februari 2015

Dada Emérence,

Mko aje na hiyo theluji yenu? Mimi mzima, goti tu ndilo linanung'unika asubuhi. Nasikia kifua kinambana Mama, kwenye simu hawezi tena kuongea, ndiyo maana naandika. Msomee kwa sauti, usiruke maneno kama kawaida yako.

Mwambie miaka kumi na moja nilikuwa winga Uingereza, klabu nne, na yeye hajaniona uwanjani hata siku moja. Sasa nina thelathini na mmoja, napanga maboksi ghalani Okolona, hapa hapa Louisville. Bon, timu moja ya Columbus imeniita majaribio ya mwezi mzima. Nikipita, mkataba. Nisipopita, mpira basi.

Mdogo wako,
Karaha

North Buffalo
19 Februari 2015

Mwingereza wetu,

Salamu zimefika, sisi tuko, Mungu anatulinda. Mama amenisomesha barua mara tatu! Akasema, "Tangu Mjomba amtoe Bukavu akiwa na miaka sita ampeleke Uingereza, huyu mtoto anakimbia tu. Atakaa lini?" Kisha akalia kidogo.

Nenda Columbus. Kanisa zima linafunga na kuomba kwa ajili ya goti lako, hata Papa Polycarpe anayependa fufu kuliko Injili.

Dada yako,
Emérence

Columbus
6 Machi 2015

Dada,

Hamjambo wote? Mbona kimya hivyo? Huku naenda vizuri ajabu. Vijana wana mbio kunishinda, lakini nikisimama ghafla wananipita kama kuku waliokosa mlango. Jumamosi tarehe kumi na nne ni mechi ya mwisho, wakubwa wa timu watakuwepo.

Ila Clémence wa kanisani kwenu ameniandikia, "Pole kwa Mama." Pole ya nini? Niambie ukweli. Kwa gari ni saa tano tu. Ukisema neno moja, naacha viatu hapa hapa nakuja.

Mdogo wako,
Karaha

North Buffalo
10 Machi 2015

Karaha mdogo wangu,

Tunakusalimia sana. Achana na Clémence, yule anazika watu walio hai. Mama anaendelea vizuri, jana amekunywa uji bakuli zima. Donc, usije. Cheza kwanza.

Dada yako,
Emérence

Louisville
2 Aprili 2015

Emérence,

Hali sikuulizi.

Kwenye matanga sikukuangalia usoni, kwa hiyo nakueleza hapa. Jumamosi ile nilifunga moja, nikatoa pasi ya la pili. Kocha akaniambia Jumatatu njoo usaini. Nikatoka, na kwenye maegesho nikakuta wazee sita wa kanisa la Wakongo wa Columbus, wamevaa suti, na akina mama wawili wamejifunga vitenge. Nikafikiri wamekuja kunipongeza! Nilirukaruka. Nilimkumbatia mzee mmoja, nikamwambia, "Papa, piga simu Buffalo, mwambie Mama nimefunga." Mmoja wa wale akina mama akaanza kulia.

Desturi yetu naijua: mtu hapewi habari ya msiba akiwa peke yake, hutumwa watu wa kumshika. Wale wazee siwalaumu. Lakini tarehe kumi Mama alikuwa hai. Nilikuuliza, ukanijibu uji. Ningefika, Emérence!

Mkataba sikusaini. Mpira siutaki hata kuuona. Usiniandikie.

Karaha

North Buffalo
26 Aprili 2015

Karaha mdogo wangu,

Umenikataza, lakini naandika. Sijui umelala vipi, umekula nini. Watu wa timu walipiga simu hapa kukutafuta. Walisubiri wiki tatu, sasa nafasi wamempa kijana mwingine.

Uji haukuwepo. Mama alikuwa hamezi kitu tangu tarehe saba. Niliogopa kwamba ukikosa mkataba kwa ajili yetu utatuchukia maisha yote. Niliamua mwenyewe, si mchungaji, si wazee. Nimekosa, Karaha, na sina pa kuliweka kosa hili.

Una haki ya kujua na hili. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mechi yako, asubuhi aliniuliza, "Karaha yuko wapi?" Nikamwambia uko njiani. Akaomba nimgeuzie kitanda atazame mlango. Nikakigeuza. Alikata roho saa tisa alasiri, bado anautazama.

Dada yako,
Emérence