Mguu Ulionikataza Kuutaja

Papa,

Nilipata diplome ya sekondari. Walinimwagia poda ya pongezi kichwani hapa mtaani Muhumba, nikalia, watu wakadhani ni furaha. Ulikuwa na siku tisa kaburini.

Nakuandikia kwa sababu kusema kunanishinda. Wewe ulilijua hilo kuliko wote, ndiyo maana ulinichagua mimi.

Asubuhi ile ya mwisho hospitalini, ugonjwa wa mapafu ulikuwa umetulia, homa imeshuka, na oksijeni walikuwa wamekutoa. Ulimtuma Maman sokoni, ukaniita mimi nikupake mafuta. Mguu wako wa kushoto ulikuwa umevimba, wa moto. Nilipougusa ukashtuka. "Ma fille, binti yangu, usiseme. Watanibakisha hapa, na mimi nataka nikumwagie poda mwenyewe."

Munganga akapita, akauliza kama miguu inauma. "Miguu? Docteur, leta mupira tucheze!" Chumba kizima kikacheka. Ukanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Wakakuruhusu, ukakaa nyumbani siku mbili tu. Uliinuka kwenda kunawa, ukashika kifua, ukasema "pumzi," ukaanguka.

Munganga alitueleza kwamba ugonjwa ule mkali wa mapafu unagandisha damu. Bonge la damu lilifanyika mguuni, likapanda, likaziba mapafu. Akauliza kama kuna aliyeona uvimbe. Maman akaapa kwamba hapana. Mimi nilinyamaza tena.

Dawa ilikuwepo, Papa. Alisema ilikuwepo.

Niliichukua siri ile kama upendo. Sasa naona uliniona mlango usio na sauti. Maman angepiga kelele hadi barabarani, ungepona, ungemnunia wiki moja. Mimi uliniachia kifo chako.

Maman anamlaumu munganga mbele ya kanisa zima: "Ule ndiye aliniulia bwana!" Na tangu juzi anakohoa, Papa. Akipanda mlima wetu anasimama mara tatu, na amekataa katakata kukanyaga hospitali ile.

Nimekukasirikia. Nakupenda pia, lakini leo hasira ni kubwa zaidi.

Nikimaliza mstari huu naenda jikoni. Nitamwambia yote, ya mguu na ya kunyamaza kwangu. Huenda asinisamehe. Lakini atajua kwamba munganga aliuliza, nasi ndio tuliomdanganya. Tutaenda kwake leo hii, na akiuliza ni wapi panauma, Maman akificha, nitajibu mimi.

Pumzika, Papa. Siri yako naishusha hapa.

Nsimire wako