Nafasi ya Mtu wa Pili

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetoka kazini, kule nyumba ya wazee, miguu imevimba. Mwenzetu mmoja hakuja, kwa hiyo wazee wake nikawaogesha mimi. Bibi wa chumba cha mwisho kanipiga kofi, eti maji ya moto. Hayakuwa ya moto. Nimemwambia ukweli wake kwa Kiswahili, akatabasamu.

Nimechaji simu ya Boni kama kila siku. Binti yetu Kezia ananiambia nikate hiyo laini, baba hatapiga tena. Nimemwambia akae na akili zake hukohuko Columbus. Napenda ikiwaka pale juu ya friji.

Leo imeita. Tangu tumzike Boni simu hiyo inapigwa na matapeli tu, lakini huyu alimtaja jina. Mzungu, sauti ya mzee. Akauliza kama Boni yupo. Nikasema hayupo. Si uongo. Akasema basi nimkumbushe, Ijumaa ya tarehe kumi na saba, palepale mtoni, asubuhi na mapema, kuvua samaki, trauti, kama kila mwaka. Watu wawili kama kawaida.

Watu wawili.

Nikamjibu sawa. Sijui kwa nini. Nikakata simu na kuacha wali ukaungua.

Jumanne, 7 Oktoba

Boni hakuwa mvuvi. Ndoa yetu imeanzia kambi ya wakimbizi Tanzania ikaishia hapa Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, na sijawahi kumwona na ndoana mkononi. Samaki wetu ni wa dukani, wa kugandishwa, na wa kumpara ni mimi.

Nimetafuta ile namba kwenye mtandao. Kumbe ni biashara, mpaka ramani ya pale mtoni wameweka. Kuna mtu anaitwa mwongozaji. Unamlipa, anakupeleka mtoni, anakupa fimbo na suruali ya mpira inayofika kifuani, anakuonyesha samaki wamejificha wapi. Chambo si mnyoo. Ni nzi wa bandia, wa manyoya na uzi. Ukimpata samaki unapiga naye picha, halafu unamrudisha majini. Nimesoma mara mbili. Mtu mzima, na kazi anayo, anamrudisha samaki.

Sasa nakumbuka. Kila Oktoba, Ijumaa moja, "ovataimu ya lazima" huko ghalani alikofanya kazi. Anaondoka kabla ya jua, anarudi vidole baridi kama vya maiti, anakula, analala. Na mimi namkanda miguu. Mjinga mimi, namkanda miguu na kumpa pole.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefanya kosa. Nimemwambia Mama Riziki, Mkongomani wa Uvira tunayefanya naye kazi. Tonge lilikuwa mdomoni, hakutafuna hata mara mbili. "Ee, ni mwanamuke. Mwanaume hawezi kulipa nafasi ya mutu mwenye haiko."

Nikamwambia Boni hakuwa hivyo. Akasema wote si hivyo, mpaka wazikwe.

Halafu jioni shemeji Onesmo, kaka yake Boni, akapiga kutoka Louisville. Kila kitu kimepangwa, wanakuja kuondoa matanga Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Yaani kesho yake ya huo mto. Mwaka unakaribia na mimi bado nimevaa nyeusi. Siku hiyo ukoo unakaa, wanamsema marehemu vizuri, halafu mjane anasimama na kueleza alivyoishi na mumewe. Akimaliza anavuliwa nyeusi na kuvishwa kitenge cha rangi. Hapo msiba umekwisha.

Shemeji kanikumbusha maneno. Kwetu mjane lazima aseme: mume wangu hakunificha kitu. Mama yangu aliyasema. Shangazi aliyasema, na mume wake alikuwa na nyumba mbili, kambi nzima inajua. Yeye aliweza. Mimi siwezi kusimama mbele ya kanisa zima nikamdanganyia maiti. Lazima nijue kabla ya Jumamosi.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimewakagua wanawake wa kwaya mmoja mmoja. Kuna dada anaimba sauti ya kwanza, kwayani alikuwa anasimama mbele ya Boni. Nimemchukia ibada nzima kwa sababu ana kiuno. Baadaye akaja kunikumbatia na kuuliza aniletee nini Jumamosi. Nimesema saladi.

Nina hasira na marehemu. Sikujua inawezekana. Nilidhani ukishamlilia mtu kiasi hiki, hasira zinakwisha zenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimenunua vya Jumamosi: mchele, Fanta, nyama, mafuta, ndizi. Mwili unafanya kazi wenyewe.

Shemeji kapiga tena. Baada ya matanga anataka nihamie kwao Louisville. Mtaa wa Iroquois umejaa watu wetu, na kuna kijumba jirani yake, Shively, kinatafuta mpangaji. Hapa Buffalo nimebaki na nani? Nikamwambia nimebaki na theluji. Hakucheka.

Nimejaribu kitenge cha Jumamosi. Cha njano na buluu, fundi kakipatia. Nikajiangalia kwenye kioo na nikaamua. Nitakwenda mtoni na hiki. Kama huyo mwanamke yupo, na kama naye kapigiwa simu, hatanikuta nimevaa nyeusi kama kunguru. Najua ni mwiko. Mjane havai rangi kabla ukoo haujamvua. Najua vizuri tu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika vidole bado vina baridi ya mto.

Nimeondoka kabla ya kupambazuka. Kusini, ziwa upande wa kulia, halafu mashamba ya zabibu, halafu njia ya kokoto. Hereni nimevaa. Wanja nimepaka. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi kwa Kiingereza.

Mzee alikuwa anasubiri kwenye gari lake, peke yake. Anaitwa Karl. Mrefu, masharubu meupe. Aliangalia nyuma yangu kumtafuta Boni. Nikamwambia Boni alikufa Novemba iliyopita, moyo, kazini, kati ya rafu za ghala. Akavua kofia. Akaketi palepale nyuma ya gari.

Nikamwuliza: mtu wa pili ni nani?

Hakuelewa. Nikauliza tena, kwa sauti. Akasema hakuna mtu wa pili. Nikamwambia asinifiche, mimi ni mke, nina haki. Ndipo akanieleza, polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Yeye anachukua wavuvi wawili kwa siku. Ukija mwenyewe anakuunganisha na mgeni mwingine. Mwaka wa kwanza Boni aliunganishwa na daktari wa meno aliyeongea kutwa nzima. Jioni Boni akauliza kama mtu anaweza kununua nafasi zote mbili. Tangu hapo akawa analipia mbili na kuja peke yake. Na akamwomba Karl, kwa adabu, wasiongee isipokuwa kuna samaki.

Nikamwuliza kwa nini. Karl alikunja kofia, akaangalia viatu vyake.

"Alisema mke wake ni mwanamke mwema sana, ila anaongea. Alisema alihitaji siku moja ya kimya kwa mwaka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke. Mwanamke ningemweza. Ningemvuta nywele, ningemwombea mabaya, ningemsamehe mwisho wa mwezi. Hiki ningekifanya nini? Nimesimama pale na wanja wangu na kitenge changu, na imeniuma kuliko mwanamke. Naapa imeniuma kuliko wanawake kumi.

Nimelia. Karl akanipa kahawa. Halafu akasema Boni aliilipia siku hii mwaka jana alipokuwa anaondoka, kwa hiyo ni yangu, nikitaka.

Nikataka. Tumekisokomeza kitenge ndani ya ile suruali ya mpira mpaka nikawa na tumbo la mapacha. Akanishika mkono tukaingia majini. Maji yanabana miguu kama yana vidole. Akanifundisha: fimbo nyuma, ngoja, mbele. Mimi ile "ngoja" ndiyo inanishinda. Nzi wangu alinasa kwenye mti, kwenye kofia ya Karl, kwenye hereni yangu.

Nikajaribu kunyamaza. Kwa ajili ya Boni. Mara nikajikuta namsimulia Karl habari za shemeji Onesmo, na bei ya nyama, na bibi aliyenipiga kofi. Yeye anaitikia kwa kichwa tu. Nikajisikia ninavyoongea. Nikafunga mdomo.

Na baada ya hapo nikasikia maji. Maji, majani yanadondoka, ndege mmoja ng'ambo. Basi. Hakuna anayekuuliza umelipa umeme, hakuna anayekuuliza mbona umenuna. Nilitaka pawe pabaya. Ni pazuri. Hiyo ndiyo imenimaliza, kwamba ni pazuri kweli na Boni alijua, na akaja nyumbani akala maharage yangu akanisikiliza.

Samaki alinasa karibu na saa sita mchana. Nilipiga kelele mpaka Karl akashtuka. Mkubwa, mgongo wa kijivu, ubavuni mstari wa rangi ya waridi. Alinivuta huku na huku, nikamvuta, Karl akamkinga kwa wavu. Nikasema huyu anatosha sahani nzima ya wageni kesho. Karl akasema sehemu hii ya mto hawachukuliwi, na Boni hakuwahi hata kuomba. Akanionyesha kumshika chini ya tumbo, kichwa kikielekea maji yanakotoka, mpaka apate pumzi. Nilimhisi anapata nguvu mikononi mwangu. Halafu hakuwepo.

Nyumbani nikamkuta shemeji mlangoni, wamefika mapema kutoka Louisville. Akanitazama kuanzia wanja mpaka matope. Kitenge cha matanga, kimelowa, siku moja kabla. Akauliza natoka wapi hivyo. Nikasema nilikwenda kuulizia habari za mdogo wake. Akanuna, akaingia ndani. Kitenge kipo kwenye mashine sasa hivi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Imekwisha. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi.

Shemeji ameongea sana na ameongea vizuri. Boni wa kambini aliyebeba kuni za wazee, Boni wa kwaya, Boni ambaye hakugombana na mtu. Ni kweli yote. Halafu akanigeukia.

Mama Riziki alikuwa amenyoosha simu kunirekodi, maana kila mtu anajua nikishika neno silitui. Nikasimama. Nikasema: "Boni alikuwa mtu wa kimya. Alinivumilia. Asanteni kwa kuja." Nikaketi.

Wakasubiri. Shemeji akakohoa, akanikumbusha chini chini, yale maneno, "hakunificha kitu". Nikatikisa kichwa. Shangazi yangu aliweza. Mimi nimeshindwa, na sijuti. Wakanivua nyeusi, wakanivisha kitenge chenye harufu ya sabuni, wakapiga vigelegele. Sikuhisi kitu kimeondoka.

Jioni nilikuwa naosha sufuria na Kezia. Kwa kawaida namwongelesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na tunaelewana nusu. Leo alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamweleza habari za mto, zote, na Karl, na nafasi mbili. Hakushangaa. Nikaacha sufuria.

Alijua. Baba yake alimwambia tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa anampigia akiwa garini kabla hajarudi, anamsimulia samaki. Kila mwaka.

Nikauliza kwa nini yeye aambiwe na mimi nisiambiwe. Akanijibu kwa Kiswahili, neno moja moja, ili lisipotee.

"Mama, aliogopa ungetaka kwenda naye."

Nimeendelea kuosha sufuria. Kezia alinikumbatia kwa nyuma, mikono yangu ikiwa na povu. Siwezi kusema Boni alinionea. Ningetaka kwenda naye. Ningepika chapati, ningebeba thermosi, ningeongea mpaka mtoni na kurudi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wameondoka wote. Kezia jana mchana. Shemeji leo asubuhi, bado kanuna kidogo, lakini amenikumbatia. Nimemwambia sihamii Louisville, si sasa.

Kazini nimevaa blauzi ya kijani. Bibi wa chumba cha mwisho ameishika akasema nzuri.

Nimerudi. Sikuwasha televisheni wala redio. Nimekula wali wa jana nimesimama. Friji inanguruma, nje ndege zinashuka uwanjani, halafu hazishuki. Sijaongea na mtu tangu saa kumi.

Angeniambia tu. Ningebaki kwenye gari, vioo nimepandisha.