Koleo la Baba Kinywani Mwangu

Buruburu, Jumanne, 14 Juni 1983

Leo nimemchukia Baba, na sitaki niamke kesho nikiwa nimesahau.

Yeye ni fundi wa karakana ya reli, na kwake kitu kisichokazwa hakijatengenezwa. Mwezi uliopita, tulipotoka kanisani, alinikalisha jikoni akaukunja kwa koleo lake waya niliofungwa na daktari wa kunyoosha meno, ili ile chonge iliyopanda juu ishuke haraka.

"Tulia, Akinyi. Huyo daktari wako anabembeleza jino."

Chonge imeshuka kweli. Lakini meno mawili ya jirani yamepanda, na sasa siwezi hata kukata chapati kwa meno ya mbele.

Leo daktari alichungulia akakunja uso. "Waya ukivuta jino hili chini, huegemea jirani zake, nao hupanda. Ndiyo maana mimi hutia nguvu kidogo kidogo. Nani ameugusa huu?"

Baba alikuwa kando yangu, kofia mapajani. Nilimngoja aseme. Alitazama viatu vyake. Nami, mjinga mimi, nikaona haya kwa niaba yake.

"Ni mimi, daktari," nikasema.

Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watoto wa siku hizi, daktari. Hawasikii."

Nimeongezewa mwaka mzima wa kuvaa waya.

Sasa hivi yuko mlangoni, anauliza kama nimeliona koleo lake. Nimesema sijaliona. Liko chini ya godoro hili nililokalia, na litakaa hapa mwaka mzima.