Kompyuta ya Maziwa Imevimbiwa

Jumanne jioni

Neema, mjukuu wangu, wewe ni mvivu, na kesho nakwambia tena. Fundi mzima unaacha kompyuta ya kituo cha maziwa iandike kumbukumbu mpaka ijae, ikatae kupokea maziwa! Ndoo yangu nusura ichache.

Nilipomgombeza, Neema akafuta kumbukumbu za zamani. Bado imejaa.

“Bibi, nimefuta, ila programu imeling’ang’ania faili nililofuta, nafasi hairudi.”

“Ng’ombe akiuma kamba si unamfungua mdomo? Izime hiyo programu, uiwashe!”

Akacheka, akafanya. Nafasi ikarudi, maziwa yangu yakapokelewa. Mimi niliyeishia darasa la nne!

Zizi langu nalizoa kila asubuhi. Kesho, kabla hajaonja chai yangu, aipange ile kompyuta ijizoe kumbukumbu za zamani yenyewe kila siku.