Fundi wa Mtandao Anakuja Mwisho wa Mwezi

Mdogo wangu mpendwa,

Usishtuke kupata barua ya karatasi. Kwa mtandao wetu huu, hata kobe angekufikia kwanza.

Wiki nzima nimezunguka kwenye kampuni za mtandao. Ya kwanza ina maneno matamu, lakini jirani aliyejiunga nayo anashinda juu ya paa akitafuta mawimbi. Nimechagua ile ya waya; fundi atakuja mwisho wa mwezi kutoboa ukuta. Tangu nijiandikishe situlii. Nafagia sebule, nakaa, nainuka, nafagia tena.

Baba anasema, "Mwambie huyo fundi asije."

Ukipiga simu ya video, picha ikipotea, unalalamika, "Dada, mtandao wenu mbovu!" Ni mbovu kweli. Lakini miezi miwili sasa, kila ukimwulizia Baba, ni mimi ninayezima kamera. Alipooza upande wa kulia, na mdomo umekwenda kombo. Aliniapisha nisikwambie. Kuandika hakunikataza.

Waya ukishafungwa, utamwona vizuri. Tafadhali usilie mbele yake. Anadai hataki kuonekana, lakini tangu jana anajifunza kunyoa ndevu kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi,
Dada yako mwongo