Mgolole wa Baba

Ihanja, Jumanne, mwezi wa Julai. Upepo mkavu tangu alfajiri. Jua lipo, lakini halina joto.

Niwie radhi, daftari. Tangu mwezi wa pili sijakuandikia hata mstari mmoja, na mimi ndiye ninayewaadhibu wanafunzi wasioleta mazoezi yao. Sina udhuru wa ugonjwa wala wa kazi. Nilinyamaza kwa sababu jambo la kwanza lililonipasa kuliandika lilikuwa kwamba baba yangu amefariki, nami sikwenda kumzika.

Sasa nimeliandika.

Barua ilinifikia Manyoni siku ya tatu baada ya kifo. Kesho yake kulikuwa na lori la kupanda huku, na ningewakuta watu bado wamekaa matangani. Lakini juma lile Bwana Elimu alikuwa anakuja kukagua shule, na fundi alikuwa ananishonea koti la kitani kwa ajili ya siku hiyo. Nilijiambia kwamba mwalimu mkuu haiachi shule yake wakati wa ukaguzi. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilitaka kuonekana nimelivaa koti lile. Bwana Elimu alilitazama, akasema kwamba laiti walimu wote wa Jimbo la Kati wangejua kuvaa hivi. Nilifurahi siku nzima. Baba alikuwa na siku sita kaburini.

Nimekuja hapa kwa likizo ya majuma matatu. Mke wangu, Mama Elia, ndiye aliyenifungia sanduku: kaptula nne nyeupe zilizotiwa wanga, mashati manne, soksi ndefu, tai, viatu vya ngozi, na lile koti. Kofia ya helmeti niliivaa kichwani. Akaniuliza kama atie na blanketi. Nilimwambia kwamba mtu wa heshima hasafiri na blanketi kama mchukuzi wa mizigo.

"Huko kwenu kuna upepo, Baba Elia."

"Upepo wa kwetu naujua," nikamjibu.

Sikuujua. Nilitolewa hapa nikiwa na umri wa miaka tisa, nikapelekwa shule ya misheni, na tangu hapo nimerudi kwa siku chache chache, kila mara nikiwa nimevaa vizuri. Wengine wa ukoo huu ni wakulima na wafugaji. Mimi ni mtu wa likizo.

Nilishuka kwenye lori Ijumaa ya juma lililotangulia lile lililopita, mchana, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Wanawake walikuwa wanapura uwele kiwanjani mbele ya nyumba yetu. Walisimama katika safu mbili wakitazamana, safu moja ikipiga na nyingine ikiinua fimbo, na mmoja akiwaongoza kwa wimbo. Waliponiona hawakuacha. Maria, binti wa shangazi yangu, ambaye tangu utotoni ana ruhusa ya kunitania, alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mwalimu, karibu! Miguu imevaa, mapaja yamevaa, magoti yako wazi. Serikali iliishiwa na kitambaa?"

Walicheka, na fimbo hazikukosea hata pigo moja.

Sikucheka. Shuleni kwangu nimekataza ngoma kwa miaka kumi na sita. Ninafundisha nyimbo za kanisa kwa sauti nne, na nyumbani nina gramafoni ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Nilisimama pale nikajaribu kuyahesabu mapigo ya wale wanawake kama ninavyohesabu ninapoongoza kwaya. Mkono wangu ulipotea mara mbili. Niliutia mfukoni.

Mama alinipokea bila kulia. Amekonda, na kichwa alichonyolewa kwa ajili ya msiba kimeota nywele fupi nyeupe. Hakuniuliza kwa nini sikuja. Maria alichukua koti langu na mashati akayafua, maana vumbi la lori lilikuwa limepenya mpaka ndani ya sanduku.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka nikitetemeka. Koti lilikuwa kwenye kamba, bado bichi. Mashati vilevile. Nilikuwa na fulana na kaptula, na upepo ulikuwa unaingia kwa chini ya mlango kama mtu aliyeitwa. Katika chumba cha baba, juu ya pembe ya ng'ombe iliyopigiliwa ukutani, mgolole wake ulikuwa umetundikwa. Niliuchukua, nikaupitisha chini ya kwapa, nikaufunga fundo begani kama nilivyomwona yeye akifunga. Ulinuka moshi, samli na ugoro. Ulikuwa mzito na wenye joto.

Mama alikuwa anafagia. Alipoinua uso na kuniona, aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda kwenye jiwe la kusagia. Akasaga uwele mwenyewe, ingawa unga ulikuwapo. Akasonga ugali, akapika mlenda wa majani makavu, akamimina maziwa ya mgando katika kibuyu. Akaniweka upande wa kulia wa mafiga, akaniwekea chakula katika bakuli la mti alilokuwa akitumia baba, kisha akakaa kunitazama.

Lazima nikiri kwamba nilikula vibaya. Nilikula kwa pupa. Mama Elia hupika wali na mchuzi wa nyama unaosifiwa na wageni wote wa Manyoni, nami huula kwa uma, nimenyoosha mgongo. Asubuhi ile nilichovya, nikalamba vidole, nikaomba kuongezewa. Mama aliniongezea.

Huko nje fimbo zilinyamaza. Nikasikia kigelegele kimoja, kisha vingi. Halafu wimbo mwingine ukaanza, wa polepole, usio na mapigo ya fimbo. Nilidhani wamemaliza lundo moja na wanalifurahia.

Ndipo akaingia baba mdogo, Mzee Ntandu, ndugu wa mwisho wa baba. Ana mvi kichwa kizima. Aliinama mlangoni, akavua kofia yake, akasema:

"Shikamoo, kaka."

Nilidhani ni mzaha. Niliusubiri uso wake ucheke, haukucheka. Alibaki ameinama. Kila asubuhi kwa miaka yangu yote ya kazi watoto wameniamkia, nami nimeitikia. Salamu isiyoitikiwa nimeifundisha kuwa ni utovu wa adabu. Kinywa changu kiliitikia chenyewe.

"Marahaba."

Basi ikawa imekwisha.

Yeye ndiye aliyenieleza, baada ya kukaa na kunusa ugoro wake. Mwenye nyumba akifa, nguo yake hutundikwa pale ilipozoea kutundikwa. Haitolewi kwa mtu, haitajwi, wala hakuna anayeruhusiwa kumwambia mwana wa kwanza aichukue. Akiichukua kwa mkono wake na akala chakula kilichosagwa na mjane wakati huo huo, amesimama mahali pa baba yake. Kuanzia hapo mafiga ni yake na ng'ombe ni wake, na ndugu za baba humwita kama walivyomwita marehemu. Naye haishi penginepo. Miezi mitano wamekuwa wakiitazama ile pembe ya ng'ombe.

"Tulisema hutakuja," akaniambia. "Tulisema Mwalimu ana nguo zake. Kumbe kaka amerudi, tena na soksi!"

Hapo ndipo alipocheka, na machozi yalimtoka.

Mtu wa hapa angejua, hata mtoto wa miaka kumi. Angekufa kwa baridi kabla ya kuugusa mgolole ule bila kukusudia. Mimi ninayejua mito ya Uingereza kwa majina, sikulijua jambo lililokuwa likining'inia katika chumba cha baba yangu.

Niliuliza kama mgolole waweza kuvuliwa. Mzee Ntandu alinijibu taratibu, kama mtu anayeeleza dawa chungu. Waweza. Anachinjwa kondoo mweusi, wazee wanakusanyika, na aliyeuvaa anaurudisha kwenye pembe mbele yao akisema kwamba amemkataa baba yake. Mdogo wangu alikwenda kwenye mashamba ya mkonge zamani, hakuna anayejua kama yu hai, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuuvaa. Nyumba itang'olewa nguzo. Mama atahamia kwa Mzee Ntandu, akae na mke wake, ambaye hawajasemezana naye tangu mimi nikiwa mdogo.

"Na mama yako hatakupikia tena," akaongeza. "Hata uji. Hata ukija unaumwa."

Leo ni siku ya kumi na moja tangu niuvae. Koti langu lilikauka zamani na limekunjwa ndani ya sanduku. Ninavaa kaptula yangu, na juu yake mgolole. Nilijitazama katika kioo cha kunyolea nikaona mzee wa kijijini mwenye masharubu yaliyokatwa kizungu. Niliona haya. Kisha nikaona haya kwa kuona haya.

Watu huja asubuhi. Wanaleta kesi ya mbuzi aliyekula mtama wa jirani, au ya mwana aliyempiga mkewe, nami ninaamua. Wanaondoka wameridhika, si kwa hekima yangu, bali kwa sababu kuna mtu amekaa pale. Juzi wanawake walikuwa wanapura lundo la mwisho, na Maria alinipa fimbo mbele ya wote. Nilikosea mapigo matatu ya kwanza. Halafu sikukosea. Sipendi kuandika jinsi nilivyojisikia.

Mama Elia nimeanza kumwandikia barua mara tatu. Yeye ni mzaliwa wa nyumba za reli. Amezoea bati, sakafu ya saruji na bomba la maji. Amekwisha kuniambia tangu siku za uchumba kwamba hatalala chini ya paa la udongo. Elia yuko darasa la mwisho. Shule yangu ina watoto mia na zaidi, na nimeijenga kwa mikono hii. Nikibaki na mgolole huu nitamwambia Bwana Elimu nini? Kwamba nilisikia baridi?

Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia mwanangu kwamba kutojua si udhuru. Nimeiandika sentensi hiyo ubaoni.

Leo, baada ya wenye kesi kuondoka, nilimfuata mama nyuma ya nyumba. Alikuwa anapepeta uwele. Tunasema Kinyaturu sisi wawili, na changu kimekuwa cha mtoto, kwa maana nilikiacha nikiwa mtoto. Kwa hiyo niliuliza kama mtoto anavyouliza.

"Mama, ulijua kwamba mimi sijui maana ya nguo ile?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni mwiko. Haisemwi."

"Lakini kusaga ulisaga. Ungenipa uji wa jana, lisingekuwapo jambo."

Aliendelea kupepeta. Makapi yalikwenda na upepo.

"Ningekupa uji, ungepanda lori."

Nilimwambia kwamba huo ni mtego. Nilitumia neno hilo hilo, la kumtegea kanga. Sikuwahi kumwambia mama yangu neno kali kama hilo. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono, akanitazama sana.

"Baba yako alipokuwa anakata roho aliuliza kama lori limefika," akasema. "Nikamwambia limefika. Akauliza kama umo. Nikamwambia yumo, anakuja, nimemwona anashuka. Akafumba macho. Nimemdanganya mtu anayekufa, kwa ajili yako. Hukuja kuniuliza kwa nini. Basi na hili usiniulize."

Akauchukua ungo wake.

Nilirudi chumbani, nikalichukua daftari hili. 

Lori la Manyoni linapita keshokutwa asubuhi. Shule inafunguliwa Jumatatu. Mzee Ntandu ana kondoo mweusi. Nimemwona amefungwa nyuma ya zizi lake, na sikuuliza amefungwa kwa sababu gani. Hakuna mtu anayenihimiza. Wananisalimu, wananiachia nafasi ya kupita, wanaendelea na kazi zao.

Naweza kuendelea kuuvaa mgolole huu na kuwaharibia maisha mke wangu na watoto. Naweza kuuvua na kumkataa baba yangu mara ya pili, safari hii kwa kauli, mbele ya mashahidi. Ile mara ya kwanza niliifanya kimya kimya, nimevaa vizuri.

Mama ananiita chakula. Nimesikia mwiko ukigonga ukingo wa chungu. Kila ninapokula, jambo hili linazidi kukaza, nalijua hilo. Na nisipokula leo, huenda nisile tena mkononi mwake. Ninakwenda.

Sitaandika humu tena kwa kusitasita. Nikishaamua, nitaliandika neno lenyewe, kisha nitatia sahihi yangu chini yake.