Kufagia Mpaka Ukingoni

Ayutthaya, Thailand

Baba, mugonile. Mimi ni mzima, chuo kimefungwa wiki hii.

Jana tulipanda mashua kwenda kuona magofu ya mahekalu ya kale ya Wabudha. Unajua ninavyoogopa maji, lakini mto wa huku unakwenda polepole, una rangi ya chai ya maziwa, na kando yake kuna migomba na mpunga. Nikasinzia, nikadhani tuko ziwani kwetu, tunakwenda Matema.

Mahekalu yenyewe yamebaki matofali. Sanamu nyingi hazina vichwa, na nyasi zimeota mabegani. Bibi mmoja tuliyesafiri naye alikwenda kwenye sanamu iliyobaki magoti tu, akaifuta vumbi, akaifunga kitambaa cha njano, kisha akakaa akazungumza nayo taratibu. Hakuna aliyemcheka. Nilikaa nyuma yake mpaka tulipoitwa.

Nimefurahi kwamba kakao imezaa. Barua yako imeeleza kila kitu, hata ndama, ila hukuniambia kwamba mto ulipofurika ulichukua kaburi la mama. Nimeelezwa na ndugu yangu Jubilate. Anasema kila asubuhi bado unafagia uwanja mpaka ukingoni, pale lilipokuwa, huku unamsimulia mama habari za nyumbani, na majirani wa Ikolo wameanza kunong'ona. Anataka akuhamishie kwake Mbeya.

Nimemwambia akuache. Kesho ukifika ukingoni na ufagio wako, mwambie mama nimepanda mashua, na sikuogopa maji.

Ndaga fijo kwa barua yako, baba.

Mwanao,
Felista